Shahidi wa Sikio la Kulia

Cheti changu cha ndoa nakiweka ndani ya Msahafu alioniachia mama. Karatasi imegeuka rangi ya chai, na mikunjo imeanza kupasuka. Chini kabisa kuna sahihi za mashahidi wawili. Ya kwanza ni ya seremala aliyekuwa akipanga chumba kimoja na mume wangu huko Kinondoni. Ina herufi ndogo za shule, zimekaa vizuri juu ya mstari. Ya pili ni ya herufi za Kiarabu, kubwa, na mkia wake umeteremka mpaka ukingoni mwa karatasi. Hiyo ni ya mjomba wangu. Ilibaki kidogo tu isiwepo.

Kwa msomaji asiyezijua ndoa zetu nitaeleza kwanza, wala si mambo magumu. Sisi wa pwani tulifundishwa kwamba ndoa ikifungwa, lazima mkekani wawepo bwana harusi, walii wa bibi harusi, na mashahidi wawili. Shehe huwaongoza. Walii husema amemwoza, bwana harusi hujibu amekubali, na mashahidi huyasikia maneno hayo mawili. Basi, imekwisha, mmekuwa mke na mume. Bibi harusi mwenyewe hayupo. Yuko chumbani amefunikwa kanga, na maneno yanayombadilishia maisha husemwa barazani asikoyasikia.

Walii ni baba. Baba akiwa amefariki, huwa babu, au kaka, au ndugu wa baba. Mjomba hawi. Hata kama ndiye aliyekulea, akakulisha na kukubeba mgongoni ukiwa na homa, damu ya upande wa mama haina ulimi kwenye mkeka wa ndoa.

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka minne. Mama alifunga mizigo, akanishika mkono, tukahamia kwa kaka yake Temeke, katika nyumba ya udongo na makuti yenye vyumba vitatu na kisima cha jirani nyuma yake. Mjomba alikuwa mjane asiye na mtoto. Kuanzia siku ile nikawa wake. Waingereza walikuwa wangali wanatawala, na yeye alikuwa na kazi mjini, kwenye karakana ya kutengeneza matangi ya chuma. Kazi yake ilikuwa kukaa ndani ya tangi, ameshikilia nyundo nzito, wakati wenzake wanagonga kutoka nje ili mabati yashikane. Fikiria umevikwa sufuria kichwani na mtu anaipiga kwa mchi, asubuhi mpaka alasiri, miaka kumi na minane.

Masikio yalikwenda polepole. La kushoto lilitangulia. La kulia lilibaki na kiasi chake, kama kibatari chenye mafuta kidogo. Lakini Mjomba hakukubali kusema. Aliogopa karakanani wakijua watamwondoa, kwa sababu mtu asiyesikia kelele za hatari huangukiwa na chuma. Kwa hiyo alijifunza kutazama midomo. Watu wakicheka, alicheka. Mtu akimaliza maneno na kumtazama, alitikisa kichwa taratibu, kwa heshima, kama aliyeyapima yote na kuyaridhia. Majirani walimsifu kuwa ni mtu msikivu.

Nyumbani tulijua, ila hatukulitaja. Nilikuwa na njia zangu. Adhana ikiadhiniwa nilipita mbele yake nimegusa sikio langu, naye akainuka kwenda kutawadha kana kwamba ameisikia mwenyewe. Nikitaka kumwambia jambo refu nilikaa kuliani kwake, nikasema kwa sauti nene ya kutoka tumboni. Sauti nyembamba hakuipata kabisa.

Posa yangu ilipokubaliwa, ndipo swali la mashahidi lilipokuja. Desturi yetu ni kila upande kuleta mmoja. Upande wa mume ulikuwa umepata seremala wao. Upande wetu mama hakusubiri.

"Shahidi wetu ni kaka," alisema. "Hana mahali pengine pa kukaa siku ile, na mkekani lazima akae."

Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Walii wangu alikuwa baba mdogo, mdogo wake marehemu baba, aliyekuwa akilima Chamazi, ambako siku hizo kulikuwa mihogo na mikorosho tu. Nilikuwa nimemwona labda mara sita maishani mwangu. Yeye ndiye angeniozesha. Mjomba asipokuwa shahidi, angekaa na wageni, ale pilau kama wao, arudi ndani.

Mjomba akaambiwa. Alikwenda kununua uzi mweupe, akaanza kujidarizia kofia mpya. Siku chache baadaye nikiwa uani nachambua kunde, akaja na kigoda, akakiweka kushotoni kwangu ili sikio lake la kulia linielekee.

"Niambie yale maneno," alisema. "Ya walii na ya bwana harusi. Nataka kuyajua kabla."

Nikamwambia. Ilikuwa ajabu, mimi mwenyewe kujiozesha na kujioa, na kunde ziko mapajani. Nilisema mara ya kwanza, nikarudia. Akayafuata kwa midomo.

"La walii nimelipata. Huyo wa Chamazi ana midomo mipana, hanipi tabu. Mchumba wako ndiye sijui. Nilimtazama siku ile ya posa, sikuona kitu. Ana masharubu kama ufagio."

"Mjomba."

"Kweli nakwambia. Na nyuma ya ufagio hakuna sauti. Mwambieni anyoe."

Tukacheka wote wawili. Nilimhadithia somo yangu, yule mama jirani aliyepewa kazi ya kunifunda, naye akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Sikujua kama angelipeleka mbele.

Siku mbili kabla ya harusi, baba mdogo alifika na baiskeli yake, na asubuhi hiyo hiyo akamleta shehe. Sitaki umwone baba mdogo kuwa mtu mbaya. Alikuwa amesikia uvumi kuhusu masikio ya shemeji yake, na hofu yake ilikuwa juu yangu. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikamsikia akimwambia mama kwa sauti yake kubwa ya mtu aliyezoea kufukuza nguruwe shambani: "Shemeji, sitaki mtoto wa kaka yangu azae watoto wanne halafu mtu aje aseme ndoa yake haikusimama."

Shehe alikuwa mtu mwembamba, mpole, mwenye kuongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Mjomba alikuwa ameinama kwenye kona ya nyumba anatengeneza bawaba ya dirisha, mgongo ameupa njia. Shehe akasimama hatua tatu nyuma yake.

"Asalaam alaykum."

Mjomba akaendelea na bawaba.

"Asalaam alaykum, mzee."

Kuna vitu Mwislamu huweza kuviacha, lakini kumwitikia mwenzake salamu hakumo. Mama alikuwa mlangoni na ukili mkononi. Aliacha kusuka. Mjomba akapuliza vumbi la mbao, akapima msumari, akaanza kugonga.

Shehe hakumgusa. Alirudi nyuma kidogo kidogo, akazunguka, akatokea kwa mbele, akatoa salamu upya. Mjomba akainua uso, akatabasamu, akaiitikia yote kwa ukamilifu, akamkaribisha akae.

Baadaye Shehe alimweleza mama kando, pale pale nyuma ya mlango wangu. Hakuwa na ukali. Alisema shahidi awe mwanamume, mtu mzima, mwenye akili timamu, mwenye tabia njema, anayeona na anayesikia. "Huyu mzee ana yote hayo, dada yangu, na kwa tabia anawapita wengi ninaowaandika. Lakini shahidi si pambo la mkeka. Kesho kukitokea ugomvi, yeye ndiye ataulizwa: ulisikia? Atajibu nini?"

"Nani atamwambia?" mama aliuliza.

Baba mdogo akasema amekuja na mwenye duka mmoja wa kule kwao, mtu safi, anaweza kushika nafasi. Shehe akasema basi litaangaliwa siku yenyewe. Nadhani alitumaini mtu mwingine atakuwa amelisema kabla yake, na sisi tulitumaini yeye atalisema. Ndivyo siku mbili zilivyopita. Mjomba alimaliza kofia. Aliiloweka kwenye wanga, akaianika juu ya kibuyu ili ikauke na umbo zuri.

Siku ya ndoa nilikaa kitandani nimeinamisha kichwa, na somo yangu pembeni. Alikuwa amenifunda vya kutosha. Kabla ya kufunga ndoa, Shehe huja mlangoni kumwuliza mwali kama ameridhia. Mwali aliyekuwa hajawahi kuolewa haimpasi kujibu. Akinyamaza, kimya chake ndicho ridhaa.

"Nyamaza," somo aliniambia. "Hata kama unataka kuruka dirishani umfuate, nyamaza. Mwali akijibu upesi watu watasema amechoka na kwao."

Alichungulia dirishani. Akaniambia mkeka umetandikwa, wageni wamejaa, na wenzake Mjomba wa karakanani wamekuja wote na makanzu yao. "Na yeye?" niliuliza. Akasema ameshakaa mahali pa shahidi, mgongo umenyooka, kofia inang'aa. Mwenye duka wa Chamazi alikuwa amesimama nyuma ya baba mdogo, anangoja.

Bado hakuna aliyekuwa amemwambia. Nilimwona akilini anainuliwa mbele ya wenzake wote, kofia ile kichwani, na mtu mgeni anakaa mahali pake.

Shehe akaja mlangoni pamoja na baba mdogo. Pazia lilikuwa kati yetu.

"Mama," alisema kwa upole, "baba yako mdogo anataka kukuozesha kwa kijana huyu unayemjua. Umeridhia?"

Nikanyamaza, kama nilivyofundwa. Akauliza mara ya pili. Nikanyamaza. Akauliza ya tatu, nikasikia kanzu yake ikigeuka kuondoka, ndipo kinywa kikafunguka chenyewe.

"Nimeridhia, Shehe. Lakini nina ombi."

Somo akanifinya paja. Mpaka leo nikikumbuka nahisi kucha zake.

"Sema," Shehe akajibu.

"Mjomba aachwe alipo."

"Mama, nilimtolea salamu mara mbili."

"Ulikuwa nyuma yake, Shehe, na sauti yako ni ya upole. Mie hukaa kuliani kwake nikasema kwa sauti nene, akasikia. Mwelekeeni sikio la kulia, mpaze sauti. Anasikia. Mimi nimezungumza naye miaka kumi na minne."

"Ndoa imekuwa mnada?" baba mdogo akanong'ona. Mnong'ono wake ulisikika mpaka kwa jirani.

Shehe akasema polepole, kama anayefungua kurasa kichwani, "Nimesoma kwamba mashahidi wasikie. Sijasoma popote kwamba waliopo waseme kwa sauti ndogo." Nikaanza kushukuru, akanikatiza. "Ngoja. Nitamkubali kwa sharti moja. Lazima aseme mwenyewe kwa ulimi kwamba amesikia. Asiposikia, aseme hakusikia. Akinitikisia kichwa sitampokea, nitamwita yule mwingine. Umeelewa?"

Nilielewa. Nilikuwa nimemtafutia mahali pa kukaa, na hapo hapo nimemtaka avunje, mbele ya wenzake wa kazi, siri aliyoificha kwa miaka. Na kutikisa kichwa ilikuwa mazoea yake, kama wengine wanavyopepesa macho.

Somo akaenda dirishani kunihadithia. Lakini hakukuwa na haja kubwa, maana Shehe yule mpole alivuta pumzi, akapaza sauti ambayo hakuna aliyejua kama anayo.

"Mzee wangu, wewe ni shahidi. Usiposikia, sema hukusikia. Ukiniambia umesikia na hukusikia, umemdhulumu mpwa wako. Umenielewa?"

Barazani vichwa vyote vikageuka.

"Nimeelewa," Mjomba alisema.

Wakamhamisha akakaa kushotoni kwa bwana harusi, sikio la kulia likimwelekea. Baba mdogo akaanza. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yoyote niliyowahi kuhudhuria, nikiwa mwali au mgeni wa chumbani, nilisikia kila neno. Alinguruma kama nguruwe wote wa Chamazi wako mbele yake: amemwoza binti wa marehemu kaka yake kwa mahari waliyopatana.

"Nimesikia," Mjomba alisema.

Ikawa zamu ya bwana harusi. Nami sikusikia kitu. Mume wangu alikuwa mtu wa sauti ndogo tangu utoto, na siku hiyo aibu iliichukua hata ile aliyokuwa nayo.

"Amesema?" nikamwuliza somo.

"Midomo imechezacheza."

"Na Mjomba? Ametikisa kichwa?"

"Anamtazama tu."

"Ametikisa?"

"Bibi wewe, ngoja. Hajatikisa. Wenzake wote wanamtazama."

Nilishika ncha ya kanga nikaikunja kwenye kidole. Najua alichokuwa akikipima pale. Ilikuwa rahisi sana kwake. Kichwa kishuke kidogo, kiinuke, na kazi yake ingebaki, heshima yake ingebaki, na wote tungekwenda kula. Shehe labda angemkataa, labda kwa huruma angejifanya hakuona.

"Sijasikia," Mjomba alisema.

Alisema kwa sauti kubwa, ya mtu asiyeweza kuipima sauti yake mwenyewe. Hakuna mgeni aliyeikosa.

Shehe akamwashiria bwana harusi arudie. Akarudia. Safari hii nilipata kama mlio wa mbu.

"Sijasikia," Mjomba alisema tena. Halafu akaongeza: "Bwana mdogo, unaoa au unaomba radhi?"

Watu wakaangua kicheko. Somo alisema hata Shehe alijifunika mdomo. Na katika kicheko kile bwana harusi alipiga magoti, akaweka mkono kifuani, akamgeukia Mjomba badala ya walii, akapiga ukelele uliowatawanya kuku wa uani:

"Nimekubali kumuoa! Kwa mahari tuliyopatana, nimekubali!"

Mimi nilikuwa chumbani, nimefunikwa, na nilisikia mume wangu akinikubali. Wanawake wote waliokuwa ndani wakatazamana. Mama mmoja mzee aliyekuwa ameolewa zaidi ya miaka arobaini akasema taratibu, "Kumbe ndivyo wanavyosema."

"Nimesikia," Mjomba alisema. "Wallahi nimesikia."

Shehe akafungua daftari, na mashahidi wakaitwa kutia sahihi. Somo alinieleza kwamba Mjomba alishika kalamu kama anayeshika nyundo, na ndiyo sababu mkia ule ulikwenda mbali.

Mume wangu alipoingia chumbani kunipa mkono, nilimtazama kwa chini ya kanga nikashtuka kidogo. Masharubu hayakuwapo. Mahali yalipokuwa ngozi ilikuwa nyeupe kuliko uso mzima, na alikuwa amejikata sehemu mbili. Somo alikuwa amelipeleka lile neno, naye hakulichukulia mzaha. Akanisalimia kwa sauti iliyokauka kabisa, na kwa siku tatu aliongea nami kwa ishara.

Karakanani walimwita Mjomba wiki iliyofuata. Hatukulala kwa raha. Hawakumfukuza, walimtoa ndani ya matangi, wakampa kazi ya kutunza vifaa katika chumba chenye mlango na meza. Wenzake walijifunza kumjia kwa kulia. Nafikiri kazi ile ndiyo iliyomhifadhia kiasi cha kusikia kilichobaki, hata akawasikia wanangu wawili wa kwanza wakijifunza kusema.

Ila ninachokitunza zaidi ni jioni ile ile ya harusi, kabla sijaondoka kwenda kwa mume. Mjomba alikuja mlangoni na kofia yake, akasimama. Nilikuwa na mengi ya kumwambia, ila sauti nene haikutoka, nikasema kwa sauti nyembamba ambayo nilijua fika haimfikii. Nilimngoja atikise kichwa.

Akavuta kigoda, akakiweka kushotoni kwangu, akaketi na kuniinamia.

"Sijasikia, mama," alisema. "Sema tena."